Eneobunge Linalosubiri Maji

Nahodha alizima mashine tukiwa tunaiona Faza, kisiwani Pate, kwa macho. Mapaa ya mabati, mnara wa simu, watoto wanaokimbizana gatini, vyote vilikuwa pale pale mbele yetu. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, na kati yetu na gati palibaki tope linalong'aa kwa jua na mikoko iliyoacha mizizi wazi. "Tusubiri," akasema, akafungua chupa ya chai. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa kijana mmoja aliyekaa ubavuni mwangu, mwalimu aliyepangiwa kazi kisiwani humo, kaunti ya Lamu, mzaliwa wa Ruiru, karibu na Nairobi.

Mazungumzo ya boti inayosubiri maji hayana mwenyewe. Tulianza na bei ya kamba wa Kizingitini, tukapitia harusi niliyokuwa naiendea, tukaishia kwenye siasa kama ilivyo ada. Mwalimu akauliza watu wa huku, eneobunge la Lamu Mashariki, ni wangapi hasa. Mzee mmoja akamjibu kuwa ni elfu ishirini na kitu, kwa sensa ya 2019. Mwalimu akatoa simu, akabofyabofya, akacheka.

"Kwetu Ruiru tumepita laki tatu na nusu na mbunge ni mmoja. Ninyi mna wenu peke yenu?"

"Basi chukua kiti ukipeleke Ruiru," nahodha akamjibu bila kugeuka, "na sisi mtuletee lami yenu."

Boti nzima ilicheka, mwalimu naye. Mimi pia nilicheka. Kisha harusi ikaisha, nikarudi Mombasa, na wiki zikapita nikiwa bado nabishana na kijana yule kichwani.

Maana hesabu yake ilikuwa sawa.

## Hesabu ya mwalimu

Katiba inataka maeneobunge 290, na inataka kila moja likaribie kiwango kimoja cha watu. Kiwango hicho hupatikana kwa kuwagawa Wakenya wote kwa 290. Kwa sensa ya 2009 kilikuwa watu 133,138. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na ukigawa unapata 164,015. Kifungu cha 89 kinaruhusu eneobunge kuzidi au kupungukiwa kwa asilimia 30, na kwa majiji na sehemu zenye watu waliotawanyika, asilimia 40.

Lamu Mashariki ilihesabiwa watu 22,258.

Hiyo haifiki hata asilimia 14 ya kiwango. Chukua huruma yote iliyomo ndani ya Kifungu cha 89, bado unahitaji watu zaidi ya 98,000 ndipo eneobunge la watu waliotawanyika lisimame kihalali. Lamu Mashariki haikaribii, na hakuna eneobunge lenye watu wachache zaidi yake nchini. Ruiru nayo ilihesabiwa watu 371,111, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Kwa kila mtu mmoja wa Lamu Mashariki, Ruiru ina karibu 17. Bungeni wabunge hawa wawili wanaketi kwenye viti vya aina moja na kila mmoja ana kura moja.

Kilichokiokoa kiti hiki mwaka 2012, tume ya uchaguzi na mipaka ilipochora upya mipaka na viti kupanda kutoka 210 hadi 290, ni kipengele cha mpito kwenye Jedwali la Sita la Katiba: mapitio ya kwanza yasifute eneobunge lililokuwapo. Kinga hiyo iliwafaa wengi. Othaya, Tetu, Mukurweini, Wundanyi, Saku na Isiolo Kusini pia yalikuwa chini ya kiwango yakabaki. Wale waliodhani hii ni hadithi ya pembezoni tu na waitazame tena Othaya, nyumbani kwa rais aliyekuwa madarakani wakati ule.

Kinga ilikuwa ya mara moja. Mapitio mengine yalipaswa kumalizika ndani ya miaka 12, yaani kufikia Machi 2024, na siku hiyo ilifika tume ikiwa haina hata kamishna mmoja. Mipaka ya 2012 ingali inatumika kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika kalamu. Kalamu itakaposhikwa, hakuna Jedwali la Sita la kukimbilia.

Sasa, mimi ni mtu wa kura sawa. Nimelelewa kwenye mtaa wa Mombasa ambao foleni ya kupiga kura huanza alfajiri na watu huchoka kabla ya kufika mlangoni, na siku zote nimeamini kwamba sauti ya mtu haifai kuwa nene kwa sababu tu amezaliwa mahali penye watu wachache. Kwa hiyo nilitarajia ubishi wangu na mwalimu uishe haraka, kwa mimi kukubali.

Haukuisha.

## Wodi tatu na maji katikati

Ukiitazama ramani ya kaunti utadhani Lamu Mashariki ni kipande kimoja. Ukiisafiri utaona ni vipande vingi vilivyoshikanishwa na bahari. Ina wodi tatu: Faza, Kiunga na Basuba.

Faza ndiyo wodi ya kisiwa cha Pate, kikubwa kuliko vyote kwenye visiwa vya Lamu. Humo ndimo mlimo Siyu na ngome yake, Pate yenyewe ambayo zamani ilikuwa dola, Tchundwa, Mbwajumwali, Kizingitini. Huko maji ya kunywa kwa miaka mingi yametegemea jabia, mabirika ya kuvunia mvua, na mwaka usio na mvua unajulikana kwa bei ya mtungi. Ukitoka huko kwenda kaskazini unapita Ndau na Kiwayu, visiwa viwili vidogo, kisha unafika Kiunga kwenye bara, karibu na mpaka wa Somalia. Upande wa bara ulio ndani, msitu wa Boni unafunika wodi ya Basuba: vijiji vya Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, makao ya Waaweer, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Waboni.

Kutoka Lamu mjini kwenda Pate unapita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Kwa vizazi vingi chombo kizito kilipita Mkanda maji yakiwa yamejaa tu. Halmashauri ya Bandari imeuchimba, na safari ni rahisi kuliko zamani, lakini ukishavuka bado kuna gati la kufikia upande wa pili, na gati la Faza halimjali aliyekuja na ratiba ya Nairobi. Ndiyo maana mtu mwenye haraka hushukia Mtangawanda, upande wa pili wa kisiwa, akamalizia safari kwa pikipiki.

Nimesema haya yote kwa sababu moja. Mbunge wa Ruiru anaweza kuzunguka eneobunge lake lote kwa gari kabla ya adhuhuri, akasimama kila wodi, akala chakula cha mchana nyumbani. Wa Lamu Mashariki akitaka kutoka Kizingitini hadi Mangai kwa njia ya nchi kavu, lazima kwanza avuke bahari, kisha apite barabara ambayo kwa miaka zaidi ya 10 imetegwa mabomu na wapiganaji wa al-Shabaab.

Kifungu cha 89 chenyewe, ukikisoma hadi chini, hakikuishia kwenye idadi. Kinaruhusu kupotoka kwenye kiwango kwa kuzingatia maumbile ya nchi, uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni wa watu, na njia za mawasiliano. Hapa nilipumua kidogo.

Halafu nikasoma tena. Kupotoka huko kote kumefungiwa ndani ya ile asilimia 40. Bahari imetajwa, naam, lakini imepewa kamba fupi.

## Kwa nini ni wachache

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi.

Mwalimu alizungumza kana kwamba watu wa Lamu Mashariki ni wachache kama vile mti fulani unavyokuwa mfupi: ndivyo ulivyo, basi. Lakini pwani ile ya kaskazini haikuwa tupu siku zote. Kati ya Mkokoni na mpaka wa Somalia palikuwa na vijiji vya Wabajuni, watu wa kwetu, vyenye misikiti, visima na mashamba. Vita vya Shifta vilivyozuka mwaka 1963 vilivimaliza. Watu walivamiwa, wakakimbia kwa majahazi hadi Lamu, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Ukipita leo kwa boti, nyumba za mawe zisizo na paa zinaonekana kwenye miti.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa katika kizazi hicho. Alizikwa Mombasa. Watoto wake wamehesabiwa Mombasa katika kila sensa, wajukuu zake tumejiandikisha kupiga kura Mombasa. Sisi ni sehemu ya idadi ya Mombasa.

Kisha likaja wimbi la pili. Septemba 2011 watalii wa Kiingereza walivamiwa Kiwayu, mume akauawa na mke akatekwa. Hoteli zikafungwa na ajira zake. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa, na kwa mvuvi wa Kizingitini usiku ndio mshahara. Baada ya mashambulizi ya 2014 shule za wodi ya Basuba zilifungwa, na Septemba 2015 serikali ikaanza Operesheni Linda Boni, ambayo tuliambiwa ni ya siku 90. Mzazi mwenye mtoto wa kusoma alifanya nini? Alihama.

Kwa hiyo inapofika sensa, tunawahesabu waliobaki, tunagawa kwa kiwango, na tunawaambia: mmepungua, kiti hiki hamkistahili. Dola iliyoshindwa kuwalinda watu wasihame ndiyo inayowaadhibu kwa kuhama. Sijaweza kulikubali hilo hata nikijilazimisha.

Na bado naisikia sauti ya mwalimu. Yule mama wa Ruiru anayelala na wanawe wanne kwenye chumba kimoja, ambaye naye huenda alikimbia mahali, kosa lake liko wapi?

## Mwezi, kusi na sanduku la kura

Niruhusu nitoke nje ya njia kidogo, maana jambo hili sijaliona likiandikwa mahali na limenifurahisha kulitafuta.

Tangu 2010 siku ya uchaguzi imefungwa ndani ya Katiba: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Bara, Agosti ni mwezi wa baridi na ukungu, basi. Pwani ya kaskazini, Agosti ni kusi. Upepo ungali na nguvu, bahari ya nje ina mawimbi, na mwenye mashua ndogo huiacha ufukweni. Chaguzi za 1992, 1997, 2002 na 2007 zote zilifanyika siku za mwisho za Desemba, kaskazi ikiwa imeshaingia, msimu ambao vyombo vinatembea na wavuvi wana fedha. Sidhani waliochagua Agosti waliwahi kumuuliza mtu wa Kiwayu. Sidhani waliochagua Desemba walimuuliza pia, ilitokea tu.

Halafu kuna mwezi. Mtoto wa visiwani anajua bila kufundishwa kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai vizuri, hayapwi vizuri. Na saa nazo zinajulikana. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka.

Nikachukua tarehe za uchaguzi nikaziweka juu ya mwezi.

Desemba 29, 1997 mwezi ulikuwa unaandama, Ramadhani ikibisha hodi, na mvua za El Niño zimeharibu barabara nchi nzima. Sehemu nyingi upigaji kura ulisukumwa hadi siku ya pili. Desemba 27, 2002 ilikuwa maji mafu. Machi 4, 2013, uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya, ambao haukuangukia Agosti, maji mafu tena. Agosti 8, 2017 ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu, bamvua kamili.

Sasa itazame hiyo ya 2017 kwa jicho la karani wa kituo cha visiwani. Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, maji yakianza kutoka. Saa nne au saa tano, watu wanapopaswa kuwa wengi, mwenye kidau yuko juu ya tope. Maji yanajaa alasiri, kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni. Kura zinahesabiwa hapo hapo kituoni, mawakala wanabishana juu ya karatasi mbili tatu kama kawaida yao, fomu zinatiwa sahihi. Saa tano za usiku kazi imeisha, sanduku limefungwa, askari yuko tayari, na bahari imeondoka. Huna la kufanya hadi karibu na alfajiri.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Mahakama ya Rufani ilikwishasema mwaka huo huo kwamba hesabu ya kura iliyofanywa kituoni ndiyo ya mwisho, hivyo kuchelewa kwa sanduku hakubadilishi hesabu. Lakini sisi wa Nairobi na Mombasa tumezoea kuona kwenye televisheni kwamba kituo fulani "hakijaleta matokeo" na mara moja tunanusa wizi. Mara nyingine hapana wizi. Kuna mwezi mpevu.

Uchaguzi ujao umepangwa Agosti 10, 2027. Mwezi utakuwa umeandama Agosti 2, kwa hiyo siku ya kura itaangukia maji mafu: maji yatapanda katikati ya asubuhi, kiasi cha saa nne, na tena usiku baada ya kuhesabu. Kwa vidau vya kuvusha wapiga kura ni siku njema. Kwa boti nzito zinazotaka kina kirefu, si njema sana. Na kusi itakuwapo vile vile. Kama kuna mtu wa tume anayesoma humu, hiyo ni bure.

## Waliokikalia kiti

Nilitaka kumjibu mwalimu kwa hoja ambayo nimeisikia mabarazani tangu utotoni: ukiunganisha Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, Mbajuni wa Pate hatapata mbunge tena. Hesabu ya kuunganisha ni nyepesi na inatisha. Kaunti nzima ina watu 143,920, idadi inayotosha eneobunge moja halali. Katika hao, Lamu Mashariki ni watu 15 au 16 kwa kila 100. Wengi wako Lamu mjini, Mpeketoni, Witu na Hindi. Mgombea mwenye akili atafanya kampeni barabarani, si baharini.

Hoja nzuri. Tatizo ni kwamba historia ya kura haikubaliani nayo moja kwa moja.

Abu Chiaba alikuwa mbunge wa Lamu Mashariki hadi 2013. Mwaka huo aligombea useneta, yaani kaunti nzima, wodi zote 10, na akashinda. Kiti chake kikaenda kwa Shariff Athman Ali. Mwaka 2017 Kapteni Ruweida Obo, rubani wa ndege, alichaguliwa mwakilishi wa wanawake, tena na kaunti nzima. Mwaka 2022 akaacha uwanja huo mpana akagombea Lamu Mashariki, akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Mmoja alitoka kwenye dimbwi dogo akashinda bahari kuu, mwingine alishinda bahari kuu akachagua dimbwi.

Nimeyatafakari haya kwa siku nyingi. Yananionyesha kwamba mwanasiasa wa visiwani hazami akikutana na wapiga kura wa bara. Hayanionyeshi kwamba visiwa havitazama. Seneta hana kazi ya kujenga darasa Ndau. Mbunge, kupitia mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, anayo, na fedha za mfuko huo hugawanywa kwa maeneobunge, si kwa vichwa. Unganisha Lamu mbili na fungu moja zima linatoweka.

Na darasa la Ndau halimsaidii mtoto wa Kiwayu. Hili ndilo mwalimu, pamoja na ualimu wake, hakulihesabu siku ile. Ruiru ukijenga shule moja nzuri, mitaa mitatu inaitumia. Visiwani kila kundi la nyumba linahitaji darasa lake, zahanati yake, jabia lake, hata kama watoto ni 60. Gharama haifuati idadi ya watu, inafuata idadi ya fukwe.

Kuna atakayesema kazi hiyo ilipewa Seneti na serikali za kaunti, kwamba Lamu ina seneta mmoja sawasawa na Nairobi na hiyo inatosha kuwa fidia ya umbali. Kwa Lamu kama kaunti, sawa, nakubali. Lakini fidia hiyo ikishafika Lamu hukaa Lamu mjini. Hakuna gati la kuishusha Faza.

Basi nikajiona nimemshinda mwalimu. Kiti kibaki, umbali nao uhesabiwe.

Nikalala usiku mmoja nimeridhika.

## Basuba

Kisha nikafikiria wodi ya tatu.

Hoja yangu yote inasimama juu ya hili: watu wachache, walio mbali, waliofukuzwa na vita, wasimezwe na wengi walio karibu. Nzuri. Sasa ingia nayo ndani ya Lamu Mashariki yenyewe. Kura ziko Pate. Kampeni iko Pate. Mgombea akishika Kizingitini, Mbwajumwali na Faza anaweza kulala usingizi bila kukanyaga msitu wa Boni. Waaweer ni wachache ndani ya Lamu Mashariki, nayo Lamu Mashariki ni ndogo ndani ya Kenya. Walikuwa wawindaji na warina asali. Uwindaji ukapigwa marufuku, msitu ukafanywa hifadhi ya wanyama, kisha ukafanywa uwanja wa vita. Vifaa vya kura vimewahi kupelekwa huko kwa helikopta kwa sababu barabara haipitiki.

Wana wodi yao, ni kweli, na diwani wao ana kura moja kati ya madiwani waliochaguliwa 10 wa kaunti. Hiyo ndiyo kinga yao, na ni kinga ile ile ninayoitetea kwa Faza: wodi ndogo mno kwa idadi, iliyoachwa isimame kwa sababu ya mahali ilipo. Sijasikia mtu wa Pate akilalamika kuwa diwani wa Basuba anawakilisha watu wachache kupita kiasi. Wala sijasikia, kwenye mabaraza yetu ya Wabajuni hapa Mombasa, tukiitaja Basuba tunapolilia kiti. Tunasema "sisi visiwani". Msitu hautajwi.

Hili limenisumbua kuliko hesabu ya mwalimu, kwa sababu mwalimu ni mgeni na anaweza kupuuzwa. Ukienda mbele ya tume na kusema kwamba umbali ni sehemu ya haki, umeweka kipimo, na kipimo hicho utapimwa nacho na aliye mbali zaidi yako. Faza ikidai isipimwe kwa idadi, haiwezi kuigawia Basuba madarasa na basari kwa idadi.

Bado nataka kiti kibaki. Nataka watakaochora mipaka waandike waziwazi saa za safari kutoka kila kijiji hadi makao ya eneobunge, karibu na idadi ya watu, ili kila mtu ajue kinachofutwa wakiamua kufuta. Na kama asilimia 40 ni kamba fupi mno, ibadilishwe kwa njia ya Katiba, hadharani, Ruiru nao wakipata viti wanavyostahili.

Wagombea wa 2027 wameanza kupita. Wawili nimewaona Mombasa, wakitafuta kura za ndugu zetu waliobaki kwenye daftari la kule. Wanauliza kuhusu mashine za boti, barafu ya samaki, basari. Wa tatu akija kwenye baraza letu la Ijumaa nitamuuliza mara ya mwisho alilala Mangai lini, na alikula kwa nani.